Ekari moja, mvua moja, mahindi tofauti: udongo umechoka au ni tabianchi?

#1 Baba Zaituni (Bweyale)

Salaam wana jukwaa. Nalima mahindi na maharagwe hapa Bweyale, wilaya ya Kiryandongo, tangu 1999. Mwaka ule nilipofyeka pori, ekari moja ilinipa magunia 20 bila hata kijiko cha mbolea. Msimu uliopita ekari ileile imenipa magunia 7. Mbegu nilinunua, palizi nilifanya mara mbili, viwavijeshi nilipambana nao mpaka mikono ikababuka.

Redioni wanasema ni mabadiliko ya tabianchi. Kuna mtu alikuja kijijini kufundisha, akasema dunia nzima imebakiwa na mavuno 60 tu, baada ya hapo udongo umekwisha. Watu walirudi nyumbani kimya.

Lakini kuna kitu kinanisumbua. Ndani ya shamba langu kulikuwa na vichuguu vitatu vya zamani, nikavisawazisha kwa jembe. Mahindi yanayoota pale ni ya kijani kilichokolea, shina nene, majani mapana. Hatua nne kutoka pale mahindi ni ya manjano na yamedumaa. Mvua ni ileile, jua ni lilelile, mbegu ilitoka mfuko mmoja. Sasa kama ni tabianchi, mbona juu ya kichuguu haikufika? Naomba mnieleze, hasa nyinyi mnaoshika jembe.

#2 Afande Mstaafu (Masindi)

Karibu jirani. Jibu ni fupi: shamba halilali. Baba yangu alilima kipande miaka mitatu, akahamia kingine, kile cha kwanza akakiacha pori miaka minane au kumi. Hakuwa na mfuko wa mbolea, alikuwa na nafasi. Sensa ya 1969 ilituhesabu watu milioni 9.5 Uganda nzima. Ya 2024 imetuhesabu milioni 45.9. Ardhi haikuongezeka hata hatua moja. Wewe mwenyewe umesema, tangu 1999 ekari ileile. Miaka zaidi ya 20, mahindi juu ya mahindi! Hata askari hupewa likizo.

Na jambo la pili, kuchoma. Kila kiangazi naona moshi kutoka huko kwenu mpaka huku. Mabua yanachomwa, nyasi zinachomwa, halafu upepo wa Januari unabeba majivu. Mnachoma mbolea yenu wenyewe.

#3 Mtu wa Udongo (Wakiso)

Asante kwa uzi, Baba Zaituni. Nimefanya kazi ya maabara ya udongo kwa miaka kadhaa, niruhusu nianze na hayo mavuno 60, maana yanatisha watu bure.

Habari ile ilienea magazetini mwaka 2014, ikatajwa kwa jina la shirika la chakula la Umoja wa Mataifa, FAO. Wataalamu walipotafuta utafiti uliozaa hesabu hiyo, hawakuupata. Na haiwezekani iwe namba moja kwa dunia nzima, kwa sababu udongo wa mlima Elgon na udongo mweusi wa Ukraine hauishi umri mmoja. Watafiti waliokusanya vipimo vya mmomonyoko kutoka nchi nyingi walikuta kwamba katika sehemu kubwa ya mashamba yanayolimwa kwa kugeuza udongo, tabaka la udongo linazidi kuwa jembamba, na kama mashamba 16 kati ya 100 yako katika hatari ya kumaliza udongo wake wa juu ndani ya miaka 100. Hilo ni baya vya kutosha, halihitaji kuongezwa chumvi. FAO yenyewe mwaka 2015 iliandika kwamba kama theluthi moja ya udongo wa dunia umeharibika, kwa kiwango cha kati au kikubwa.

Sasa kichuguu. Mchwa wakubwa hubeba udongo wa mfinyanzi kutoka chini, wakaujenga juu. Udongo ule huwa na kalsiamu, magnesiamu na potasiamu zaidi, na tindikali yake ni ndogo. Kwa hiyo shamba lako limejipima lenyewe. Penye chakula pana mahindi.

#4 Jembe la Ng'ombe (Soroti)

Mtu wa Udongo nakuheshimu, lakini umesahau nusu. Mfinyanzi unashika maji! Mvua ikikata wiki mbili, mchanga wa chini umekauka, kichuguu bado kina unyevu. Kwa hiyo yale mahindi ya kijani yanaweza kuwa yamekunywa, si kwamba yamekula. Tukirudi kwenye swali, mvua ndiyo imetubadilikia. Huku Teso nilipokuwa mtoto tulipanda Machi na tukajua. Siku hizi inakuja Machi inakudanganya, unapanda, inakwenda mwezi mzima, inarudi na hasira. Mwaka 2007 ilinyesha mpaka Katakwi na Amuria zikawa ziwa, mihogo ikaoza ardhini.

Mvua ya polepole inaingia ardhini. Hii ya sasa inapiga kama fimbo, inafunga uso wa udongo, maji yanakimbia na rutuba yote. Usiniambie tabianchi haihusiki.

#5 Mtu wa Udongo (Wakiso)

Sijasema haihusiki. Hewa ikipata joto nyuzi moja zaidi, inaweza kubeba mvuke zaidi kwa asilimia 7 hivi, ndiyo maana mvua zinakuja kwa mafungu mazito. Na joto lenyewe linafanya wadudu wadogo wa udongo wale mboji haraka zaidi. Ukiwa Kabale kwenye baridi, jani linaoza taratibu. Ukiwa Soroti linakwisha upesi. Duniani kote, mita moja ya juu ya udongo inashika kaboni nyingi kuliko hewa na mimea yote ikiwekwa pamoja. Mboji ikiliwa, ile kaboni inapanda hewani, inaongeza joto, na joto linaongeza ulaji. Kwa hiyo udongo unaumizwa na tabianchi na pia unaiumiza.

Ila kwa hoja ya kichuguu kushika maji, nakubali. Bila kupima hatuwezi kutenganisha kiu na njaa.

#6 Nyabo wa Isingiro

Mnazungumza mahindi, mimi nina matoke. Ngoja niwaambie udongo wa Isingiro uko wapi: uko Kampala.

Kila siku malori yanapakia mikungu huku, Mbarara, Bushenyi, yanaingia masoko ya Kampala: Nakawa, Kalerwe, Owino. Ndizi ni mnyonyaji mkubwa wa potasiamu, na nyingi iko kwenye ganda. Ganda linamenywa Kampala, linatupwa mtaroni Kampala, linaoza Kampala. Wenye bahati wanalishia mbuzi na ng'ombe wa mjini. Hakuna lori hata moja linalorudi na maganda. Mama mkwe wangu alikuwa akila ndizi nyumbani, ganda linakwenda kwa mbuzi, samadi inarudi shinani, na shamba lake lilidumu miaka 50. Sisi tunauza mkungu, tunanunua sabuni na karo ya shule. Karo ni lazima, silaumu mtu. Lakini tusijifanye hatujui rutuba ilikoenda.

#7 Dereva wa Malaba

Nyabo umenishika pabaya. Nimebeba matoke kutoka Mbarara miaka 6, na mahindi ya Masindi kwenda Nairobi miaka 4. Kwa hiyo udongo wa Baba Zaituni umekwisha kwa sababu yangu? 😄 Nirudi na maganda mara ngapi? Lori tupu kutoka Kampala linarudi na saruji, na chupa za soda. Ganda linanuka, nani atalipia mafuta?

#8 Nyabo wa Isingiro

Mwanangu, hatukulaumu, dereva anapeleka alikotumwa. Lakini yakikaushwa mjini yanakuwa mepesi, na majivu yake ni mepesi zaidi na yamejaa potasiamu. Wazee walitengeneza magadi kwa majivu ya maganda ya ndizi, ya kulainishia maharagwe. Walikuwa wanajua kilichomo.

#9 Kagera Kwetu (Bukoba)

Salaam kutoka ng'ambo ya mpaka. Huku Bukoba wazee walikuwa na kibanja na rweya. Kibanja ni shamba la ndizi na kahawa linalozunguka nyumba, rweya ni nyika ya nyasi. Ng'ombe wanakula nyasi za rweya mchana, wanalala nyumbani, samadi inaingia kibanja. Nyasi nyingine zinafyekwa na kutandazwa chini ya migomba. Maana yake kibanja kilikuwa cheusi kwa sababu rweya ilikuwa inafanywa maskini. Tunasifu kilimo cha babu, lakini kila ekari moja ya kijani ilikuwa inakula ekari kadhaa za jirani yake. Leo rweya imepandwa miti ya mbao, ng'ombe wamepungua, na kibanja kinachoka. Kwa hiyo rutuba ilikuwa inahamishwa hata zamani, ila haikuwa ikienda mbali.

#10 Mwalimu wa Bombo

Wote mnazunguka. Tatizo ni dawa. Tangu dawa ya kuua magugu ifike madukani, hakuna anayepalilia. Bustani ya shule yetu, zamani ukichimba unakuta nyungunyungu mpaka watoto wanapiga kelele. Upande uliopigwa dawa misimu minne, unachimba kama unachimba barabara. Na hizi mbolea za duka nazo zinaua udongo. Ukishaanza huachi. Turudi kwenye samadi.

#11 Afande Mstaafu (Masindi)

Mwalimu, samadi ya ng'ombe gani? Nionyeshe ng'ombe. Mtu mwenye kuku 6 na ekari 3 atarudi kwenye samadi ipi?

#12 Jembe la Ng'ombe (Soroti)

Afande hapo umegusa donda letu. Teso ilikuwa nchi ya ng'ombe. Jembe la kukokotwa tulilipata tangu enzi za pamba, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Miaka ya mwisho ya 1980 ng'ombe wakachukuliwa, vita na wizi wa mifugo, boma kwa boma. Watu wanakumbuka maziwa na mahari. Mimi nakumbuka kwamba mwaka uliofuata mtama wa nyuma ya zizi letu ndio ulikuwa wa mwisho kuwa mzuri. Hatukupoteza nyama peke yake.

#13 Binti wa Gulu

Nasoma kilimo mwaka wa tatu. Kuhusu mbolea ya duka, Mwalimu, angalia Sri Lanka. Mwaka 2021 serikali yao ilipiga marufuku kuingiza mbolea za viwandani kwa mara moja. Mpunga ukaanguka, chai ikaumia, na kabla mwaka haujaisha marufuku ikaondolewa kwa sehemu kubwa. Samadi ya kutosha nchi nzima haipatikani kwa amri.

Na sisi Uganda tuko upande mwingine kabisa. Viongozi wa Afrika walikubaliana Abuja mwaka 2006 kufika kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Uganda hata kilo 5 hatufiki. Walikutana tena Nairobi Mei 2024, safari hii wakazungumza mbolea pamoja na afya ya udongo. Wakati huohuo Uholanzi wana samadi nyingi mpaka mahakama ikaingilia mwaka 2019 kwa sababu naitrojeni inaharibu hifadhi zao, na wakulima wakajaza matrekta barabarani. Dunia moja, wengine wanazama kwenye samadi, wengine tunagombania kinyesi cha mbuzi.

#14 Mtu wa Udongo (Wakiso)

Mwalimu wa Bombo na Binti wa Gulu, nyote mna kipande cha ukweli, na kuna shamba moja linalowapa haki wote wawili. Liko Rothamsted, kituo cha utafiti wa kilimo Uingereza. Jaribio la ngano la Broadbalk limelimwa tangu 1843, kila mwaka, vipande vilevile. Kipande kimoja hakijapewa kitu chochote tangu mwanzo. Bado kinatoa ngano, karibu tani moja kwa hekta. Kipande chenye samadi kaboni yake imepanda zaidi ya mara mbili. Na vipande vya mbolea ya viwandani havikufa. Vinatoa ngano nyingi sana, na mboji yao ni kubwa kidogo kuliko kile kisichopewa kitu, kwa sababu mmea mkubwa huacha mizizi mingi.

Lakini hapohapo Rothamsted kuna jaribio la majani liitwalo Park Grass, tangu 1856. Vipande vilivyopewa mbolea ya amonia miaka na miaka bila chokaa vimejaa tindikali mpaka pH (kipimo cha tindikali, kikishuka tindikali imezidi) ikashuka chini ya 4, na aina za mimea zikapungua kabisa. Kwa hiyo mbolea inaweza kuharibu, ikiwa ni ya aina moja, bila chokaa, bila kurudisha chochote kingine.

Ugumu wa bustani ya shule, Mwalimu, nisingeutupia dawa peke yake. Ukipiga dawa ardhi inabaki uchi, hakuna jani, mvua inaipiga, watoto wanaikanyaga. Nyungunyungu anakosa chakula kabla hajakosa pumzi.

#15 Mwalimu wa Bombo

Sikubaliani. Njoo uchimbe mwenyewe. Uchi ulikuwepo hata zamani wakati wa palizi ya jembe, na nyungunyungu walikuwepo.

#16 Mjomba wa Tororo

Mmeandika mistari mingi mkalipita jibu. TINDIKALI. Mtu wa Udongo amegusa kwenye #3, kisha akakimbia. Udongo ukishuka chini ya pH 5.5, alumini iliyolala ardhini inaanza kuyeyuka, inaunguza ncha za mizizi. Mzizi unakuwa mfupi, mnene, kama kidole kilichokatwa. Hapo hata ukimwaga mbolea, mahindi hayawezi kuifikia, na fosforasi inafungwa. Hata mvua ikiwepo mzizi haufiki chini kunywa. Kwa hiyo Baba Zaituni anaona njaa, Jembe la Ng'ombe anaona kiu, na wote wanatazama mzizi mmoja ulioungua.

Brazil walikuwa na nyika kubwa ya Cerrado, ikaitwa ardhi isiyofaa. Kuanzia miaka ya 1970 wakaimwagia chokaa, wakaongeza fosforasi, wakatafuta bakteria wa kuisaidia soya kujitengenezea naitrojeni, kazi ya mama mmoja mwanasayansi, Johanna Döbereiner. Leo ni ghala la dunia. Na sisi hapa Tororo tumekalia mawe ya chokaa! Hima, Kasese, nako yapo. Tunayageuza saruji. Vilima vya Sukulu vina mwamba wa fosfati. Tunajenga maghorofa na mahindi yanakufa njaa.

#17 Binti wa Gulu

Mjomba, Cerrado umeisimulia nusu. Ilikuwa na miti, nyasi, mito, na sehemu kubwa imekwisha. Na wakulima wa Paraná, kusini mwa Brazil hiyohiyo, waliona mashamba yanabebwa na mvua mpaka mmoja wao, Herbert Bartz, mwaka 1972 akaacha kulima kwa kugeuza udongo, akapanda ndani ya mabua. Chokaa peke yake haikuwaokoa.

#18 Dereva wa Malaba

Hapo kwa chokaa naweza kurudi nayo. Gunia halinuki.

#19 Mwana wa Kabale

Niliwahi kusoma uzi kama huu watu wakasema "Kigezi walijenga matuta, mfano wa kuigwa." Kigezi ndiyo huku kwetu Kabale. Niseme kilichotokea. Miaka ya 1940 ofisa wa kilimo wa serikali ya kikoloni, Purseglove, alisimamia matuta ya kukinga maji wilaya nzima, na kuanzia 1946 familia nyingi zikahamishwa kwenda kwingine kwa sababu milima ilijaa watu. Matuta yalifanya kazi. Udongo mzuri ukajikusanya upande wa chini wa kila tuta, upande wa juu ukabaki mwekundu, maskini. Sasa fikiria shamba limegawanywa kwa watoto watano, kipande cha mtu ni tuta moja na nusu. Unatazama rutuba yote imerundikana kwenye kingo ambayo hulimi. Utafanya nini? Unaibomoa kingo, unasambaza ule udongo mweusi, unapata viazi vizuri misimu miwili. Msimu wa tatu mvua inakuja na hakuna cha kuizuia.

Baba yangu alibomoa. Nilimsaidia, nilikuwa na miaka 14. Karo ilipatikana. Leo kipande kile hakina viazi.

#20 Kwa Mlima (Bulambuli)

Mwana wa Kabale, nimesoma nimenyamaza muda. Huku Elgon tunajua mvua, udongo na watu vikikutana inakuwaje. Nametsi, Bududa, 1 Machi 2010, mamia ya watu walifunikwa na maporomoko. Bulambuli, Novemba 2024. Udongo wetu ni wa volkano, mwekundu, mzuri, kahawa inaupenda. Ndiyo sababu watu hawaondoki. Nyumba zinapanda juu kwenye mteremko kwa sababu rutuba iko juu. Mti ukikatwa mzizi unaoza baada ya miaka michache, na ile miaka michache ikikutana na mvua nzito ya siku tatu, mlima unateleza.

Mnauliza ni kilimo au ni tabianchi. Niliowazika hawakuuawa na kimoja. Na mmesema udongo unakwisha kwa kupungua sentimita kwa sentimita. Kwetu unakwisha usiku mmoja.

#21 Baba Zaituni (Bweyale)

Pole sana, Kwa Mlima. Mungu awapumzishe.

Nimesoma yote, wengine mara mbili. Mtu wa Udongo, nataka kupima. Nafanyaje nisipoteze pesa?

#22 Mtu wa Udongo (Wakiso)

Chukua kabla hujaweka mbolea yoyote. Tembea shambani kwa kupinda kama nyoka, chimba mahali 15 mpaka 20, kina cha sentimita 20, ukate kipande chembamba kila shimo. Epuka ulipochomea takataka, epuka zizi la zamani, epuka njia. Changanya vyote kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati lenye kutu. Toa nusu kilo, kausha kivulini, siyo juani wala jikoni. Andika jina na tarehe. Kwako chukua mafungu mawili: moja la shamba, jingine la vichuguu peke yake. Usiyachanganye. Maabara ya taifa iko Kawanda, na vyuo vikuu vyenye kitivo cha kilimo pia hupima.

#23 Afande Mstaafu (Masindi)

Na mbolea ukinunua baadaye, fungua mfuko mbele ya muuzaji. Feki zimejaa.

#24 Binti wa Gulu

Kuhusu feki, watafiti waliochapisha 2017 walipima mbolea za madukani Uganda wakasema wastani wa asilimia 30 ya naitrojeni inakosekana, na mbegu nyingi za chotara hazikuwa chotara kamili. Lakini watafiti wengine waliopima huko Morogoro, Tanzania, walikuta mbolea ni nzima, ila wakulima wanaamini ni mbovu kwa sababu ya mabonge na rangi. Bado wanabishana. Kama ni nzima na wewe unaamini ni feki, hununui, na shamba linazidi kuchoka.

#25 Afande Mstaafu (Masindi)

Mimi nilinunua mfuko ukawa na chumvi ya mawe. Hilo sikulisoma, nililiramba.

#26 Mchungaji wa Nakasongola

Mmesifu mchwa sana. Huku kwetu mchwa wamekula nyasi mpaka ardhi imebaki na upara, ekari kwa ekari. Ng'ombe anatembea anatafuta. Nani atanieleza, Bweyale mchwa analisha mahindi, Nakasongola anamaliza malisho?

#27 Mtu wa Udongo (Wakiso)

Ni mchwa walewale wa familia moja, njaa tofauti. Nakasongola miti ilikatwa kwa makaa, mifugo ikazidi malisho, majani makavu yakaisha. Mchwa akikosa kikavu anakata kibichi. Huko kwenu wafugaji walijaribu kulaza ng'ombe usiku kwenye zizi la muda juu ya upara, usiku kadhaa mfululizo, kisha kuhamisha zizi. Samadi ikawapa mchwa chakula kingine na nyasi zikarudi. Umewahi kuona?

#28 Mchungaji wa Nakasongola

Nimeona kwa jirani. Zilirudi. Mwaka wa pili mvua ilikosa na zikaondoka tena. Sijui niseme ilifaulu au haikufaulu.

#29 Jembe la Ng'ombe (Soroti)

MVUA. Nilisema #4.

#30 Baba Zaituni (Bweyale)

Wiki tano baadaye. Karatasi imefika, naandika kama ilivyo. Shamba: pH 5.1, mboji kidogo, fosforasi kidogo sana, potasiamu wastani. Vichuguu: pH 6.3, mboji wastani, kalsiamu nyingi, udongo wa mfinyanzi.

Naomba mnisomee.

#31 Mjomba wa Tororo

5.1! Nilisema au sikusema? Chokaa.

#32 Nyabo wa Isingiro

Fosforasi kidogo sana. Imepanda lori ndani ya punje za mahindi, mwanangu. Miaka 20.

#33 Jembe la Ng'ombe (Soroti)

"Udongo wa mfinyanzi." Unashika maji. Asante maabara.

#34 Afande Mstaafu (Masindi)

Mboji kidogo. Moto wa Januari. Sina la kuongeza.

#35 Mtu wa Udongo (Wakiso)

Baba Zaituni, unaona karatasi moja imewafurahisha wote. Kwa kweli inawaruhusu wote. Tindikali ipo, lakini haituambii imeletwa na mvua kubwa inayosomba kalsiamu, au na mazao yanayoibeba, au udongo wa Kiryandongo ulizaliwa hivyo na majivu ya pori lako la 1999 yakauficha kwa miaka michache. Ningetaka karatasi ya 1999, na haipo. Sina namna ya kupima ulichopoteza, naweza kupima ulichobaki nacho.

#36 Mwalimu wa Bombo

Na nyungunyungu maabara haikuwahesabu.

#37 Baba Zaituni (Bweyale)

Basi nimefanya hivi. Ekari nimeigawa vipande vinne kwa kamba. Kimoja chokaa, Dereva ameniletea magunia 8 kutoka Tororo na hakunilipisha usafiri, Mungu ambariki. Cha pili samadi ya mbuzi, yote niliyonayo, na mabua hayachomwi. Cha tatu chokaa na mbolea kidogo na maharagwe katikati ya mahindi. Cha nne hakipewi kitu, kama kile cha Waingereza. Mama Zaituni amenuna juu ya hicho cha nne, anasema ni kulima njaa kwa makusudi, na tukivuna kidogo watoto hawatakula jaribio. Nimempunguzia kikawa mistari sita.

Mvua ya kwanza imenyesha jana jioni. Usiku kumbikumbi wameruka kutoka shina la kichuguu kile kikubwa, tumewasha taa, tumeweka beseni la maji.

#38 Dereva wa Malaba

Mmepata kiasi gani? Napita Bweyale Alhamisi.

#39 Baba Zaituni (Bweyale)

Debe moja na nusu. Zimekaangwa na chumvi. Nimekuwekea.